Petroli yenye spiriti na mashine za boti: mambo ya kujua visiwani Lamu

Gari likizima barabara ya Mpeketoni, dereva hulisukuma kando akampigia fundi simu. Boti ikizima katikati ya ghuba ya Manda wakati kusi limechachamaa, hakuna kando ya kusukumia. Ikiwa ndani yumo mama mja mzito anayeletwa kutoka Faza hadi hospitali ya King Fahd, kikombe cha maji kilichojificha ndani ya dumu la petroli si jambo dogo tena.

Makala haya yanaeleza petroli iliyochanganywa na ethanoli: ni kitu gani, inafanya nini ndani ya injini za zamani na injini ndogo, namna ya kuitambua, na namna ya kuishi nayo mahali palipozungukwa na maji ya chumvi. Mengi yanayoandikwa juu ya mafuta haya yanahusu magari na mashine za kukata nyasi za Ulaya na Marekani. Huku kwetu injini ndogo ni mashine ya boti, jenereta, pampu ya maji ya shamba na pawa soo. Kanuni ni zile zile, ila bahari inazikaza zaidi.

Ethanoli ni nini, na ilifikaje kwenye petroli

Ethanoli ni spiriti, aina ile ile ya kileo inayopatikana kwa kuchachusha sukari. Kwa matumizi ya mafuta hutengenezwa hasa kutokana na molasi ya miwa au mahindi, kisha huondolewa maji na kuchanganywa na petroli. Mchanganyiko huandikwa kwa herufi E na tarakimu ya asilimia: E5 ina ethanoli hadi asilimia 5, E10 hadi asilimia 10. Kwa hiyo dumu la lita 20 la E10 lina takriban lita 2 za spiriti.

Kenya si mgeni wa jambo hili. Kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kule Muhoroni kilianza kutoa ethanoli ya molasi mapema miaka ya 1980, na kuanzia 1983 petroli iliyochanganywa, iliyoitwa gasoholi, iliuzwa nchini kwa takriban miaka 10 kabla ya mpango kufa kwa kutolipa. Wazee waliokuwa na magari Nairobi enzi hizo wanaikumbuka. Tangu hapo mipango ya kuirudisha imefufuliwa zaidi ya mara moja, na Kisumu, iliyo karibu na mashamba ya miwa, ndiyo hutajwa kwanza.

Jirani zetu hapa pia waliguswa. Mwaka 2008 mradi mkubwa wa miwa ulipangwa katika delta ya mto Tana, ukihusisha kampuni ya sukari ya Mumias na mamlaka ya TARDA, na ethanoli ilikuwa sehemu ya hesabu zake. Wafugaji, wakulima na watetezi wa mazingira waliupinga mpaka mahakamani, na mradi haukusimama.

Nje ya Kenya, Malawi imechanganya ethanoli tangu 1982, Ethiopia ilianza 2008, na Zimbabwe imefika asilimia 20 kwa nyakati fulani. Brazil imezidi hapo. Uingereza ilifanya E10 kuwa petroli ya kawaida Septemba 2021. Faida zake zinaeleweka: nchi hupunguza mafuta ya kuagiza, mkulima wa miwa hupata soko, na spiriti huongeza okteni, yaani uwezo wa petroli kuhimili mgandamizo bila injini kugonga. Kwa gari la kisasa linalotumika kila siku, E10 haina neno. Wanaoumia ni wenye injini za zamani, injini ndogo, na mafuta yanayokaa.

Kwa nini kisiwani ni tofauti

Petroli safi na maji havipatani. Maji yakiingia kwenye tangi la petroli safi huzama chini yakakaa peke yake, na ukifungua skrubu ya kumwagia unayatoa. Ethanoli yenyewe hupenda maji. Huyavuta na kuyashika, na kwa muda mafuta huonekana safi kabisa ilhali maji yamo ndani.

Uwezo huo wa kushika maji una mwisho. E10 huweza kubeba takriban nusu ya asilimia moja ya maji, yaani karibu kijiko kimoja cha chai kwa lita moja. Kwa dumu la lita 20 hiyo ni kama vikombe viwili vidogo vya kahawa. Yakizidi hapo, mafuta hugawanyika: spiriti huiacha petroli, hushikamana na maji na kuzama chini pamoja. Mafuta yakipoa usiku, kiwango hicho hushuka zaidi, ndiyo maana dumu lililokuwa sawa jioni huweza kuamka limegawanyika.

Matokeo yake ni mawili. Juu inabaki petroli iliyopoteza okteni iliyotegemea spiriti. Chini lipo tabaka la maji na spiriti, na bomba la kuvutia mafuta la tangi nyingi hufika chini, kwa hiyo ndilo injini inalolinywa kwanza.

Kwa mashine zinazochanganyiwa oili kwenye petroli, hatari ni kubwa zaidi. Oili hubaki juu na petroli. Haishuki na maji. Kwa hiyo tabaka la chini halina oili. Mashine ikiendelea kulivuta, pistoni inasuguana na silinda kavu, ringi zinaungua na mashine inashika. Fundi ataiita ajali ya oili, na mwenye boti ataapa kwamba alipima oili sawasawa. Wote wawili wanasema kweli.

Sasa tazama mafuta yetu yanavyosafiri. Mengi huvuka kutoka bara kwa madumu na mapipa, hupakiwa Mokowe, hushushwa Lamu, mengine yakaendelea mpaka Pate, Siyu, Kizingitini, Ndau na Kiunga. Kila anapofunguliwa mtu dumu kuna rasharasha za mawimbi, mvua ya masika na hewa yenye unyevu. Dumu lililo nusu hupumua: mchana hewa hutanuka na kutoka, usiku hewa yenye unyevu huingia na kuacha matone kwenye kuta za ndani. Kifuniko cha tangi la boti kina tundu la hewa ambalo mara nyingi husahaulika wazi. Vikombe viwili vya kahawa havichelewi kujaa.

Mambo mengine matatu ambayo ethanoli hufanya

Kwanza, hulainisha mpira na plastiki za zamani. Mipira ya mafuta, gasketi za gamba, tando za kabureta na maboya yaliyotengenezwa kabla ya mafuta haya kuenea huvimba, hupasuka au hugeuka kama ulimbo. Tangi za faiba zilizojengwa ndani ya boti za zamani ni za kuangaliwa zaidi, kwani baadhi ya gundi zilizotumika huyeyuka katika ethanoli. Spiriti iliyobeba maji pia hutafuna zinki, alumini na vyuma vya ndani ya kabureta.

Pili, husafisha. Neno hili linasikika zuri, lakini tangi lililokaa miaka 15 lina utando na kutu vilivyoganda ukutani. Ethanoli huvibandua vyote na kuvipeleka kwenye filta na jeti. Ndiyo maana mashine nyingi za zamani huanza kukohoa tangi la kwanza au la pili baada ya kubadilisha mafuta, kisha mtu akadhani mafuta yale yamechakachuliwa.

Tatu, hubadilisha moto. Ethanoli ina hewa ya oksijeni ndani yake na nguvu yake ni takriban thuluthi mbili ya petroli. Injini ya sindano inayoendeshwa na kompyuta hujirekebisha. Kabureta la zamani halijui chochote. Linapeleka kiasi kile kile, na injini inafanya kazi na mafuta pungufu na joto zaidi. Kwa E10 tofauti ya matumizi ni karibu asilimia 3. Nahodha aliyezoea kufika Kiunga kwa lita 100 kamili bila akiba, akitumia E10 anaweza kupungukiwa kabla hajaona gati.

Ipi iogopwe na ipi isiogopwe

Magari yenye injini ya sindano yaliyoingia nchini miaka ya karibuni kwa kawaida hayasumbuki. Kenya haikubali gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hiyo mengi ni ya teknolojia mpya. Tazama ndani ya kifuniko cha tangi au kwenye kitabu cha gari. Hata kikiwa cha Kijapani, herufi E na tarakimu zinasomeka.

Magari ya kabureta, kama Land Rover na Datsun za zamani ambazo bado zinafanya kazi mashambani Witu na Hindi, yanahitaji mipira na gasketi mpya zinazovumilia ethanoli. Hilo likifanywa, E5 na hata E10 hutumika.

Bodaboda na tuktuk za petroli za miaka ya karibuni huvumilia E10, na kwa kuwa zinajazwa na kumaliza mafuta kila siku, hayapati muda wa kuharibika.

Mashine za boti, jenereta, pampu na pawa soo: watengenezaji wengi huruhusu hadi asilimia 10 na si zaidi. Kuruhusu huko kuna maana ya mafuta mapya, yasiyo na maji. Injini ya namna hii iliyozeeka, inayokaa wiki nyingi bila kuwashwa, ndiyo ya kuogopewa.

Injini za dizeli hazimo katika mjadala huu, lakini usithubutu kutia petroli hii kwenye dizeli kwa kufikiri kuwa spiriti itasaidia.

Jinsi ya kujua kilicho ndani ya dumu lako

Huna haja ya maabara. Tafuta chupa nyembamba inayoonekana ndani, yenye kifuniko cha kubana, na bomba la sindano lisilo na ncha kutoka duka la dawa. Fanya kazi nje, mbali na jiko na sigara.

Tia maji mililita 10 ndani ya chupa, uweke alama kwa kalamu pale yanapofika. Ongeza petroli mililita 100. Funga, tikisa dakika moja, legeza kifuniko polepole kuachia mvuke, kisha iache itulie dakika 10.

Mstari wa maji ukibaki kwenye alama yako, hakuna ethanoli. Ukipanda kwa nusu, ni takriban asilimia 5. Tabaka la chini likiwa karibu mara mbili ya lilivyokuwa, ni takriban asilimia 10. Likizidi mara mbili, mafuta hayo hayafai mashine ndogo yoyote. Petroli ya jaribio usiirudishe kwenye dumu.

Jaribio hili halionyeshi mafuta ya taa. Uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa ni ugonjwa mwingine, uliofanya serikali mwaka 2018 iweke tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili bei zikaribiane na kishawishi kipungue. Dalili zake ni moshi, plagi nyeusi na injini kugonga. Malalamiko ya aina hiyo hupelekwa EPRA, mamlaka inayotia alama ya kemikali kwenye mafuta ili kuwatambua wachakachuaji. Weka risiti na sampuli iliyofungwa.

Kutambua mafuta yaliyokwisha kugawanyika ni rahisi zaidi. Chota kutoka chini ya dumu, tia kwenye chupa ya kioo, iache usiku kucha. Ukungu, au mstari unaogawa rangi mbili, ni onyo tosha.

Kuweka mafuta

Nunua ya kutosha wiki mbili, yasizidi mwezi. Petroli yenye ethanoli kwenye joto letu haikai zaidi ya hapo bila kuchoka.

Jaza dumu karibu na mdomo, ukiacha nafasi ndogo ya kutanukia. Madumu mawili yaliyojaa ni bora kuliko manne yaliyo nusu.

Weka kivulini, juu ya ubao, si sakafuni wala mchangani, na mbali na chumba cha kulala. Usitumie dumu lililobeba maji ya kunywa au mafuta ya kupikia kabla ya kulikausha kabisa. Andika tarehe juu yake kwa rangi.

Changanya oili siku ya safari, kiasi cha safari. Kwa uwiano wa 50 kwa 1, lita 20 huchukua mililita 400. Fuata kitabu cha mashine yako.

Mimina kupitia faneli yenye chujio, na usimalize dumu mpaka tone la mwisho. Lita ya chini ichunguzwe kwanza.

Usinyonye petroli kwa mdomo. Pampu ya mkono ni bei ndogo kuliko mapafu.

Matengenezo kabla ya kusi

Wengi wetu huzipandisha boti pwani wakati wa kusi, kati ya Aprili na Septemba, zikasubiri bahari itulie. Hapo ndipo kabureta nyingi huuawa. Mafuta yaliyobaki ndani hugeuka gundi na kutu, na kaskazi inapoingia, mashine haiwaki.

Kabla ya kuipandisha, toa mafuta yote kwenye tangi. Chomoa mpira wa mafuta, acha mashine iendelee kufanya kazi ikiwa na maji ya kupoozea mpaka ijizime yenyewe, kisha fungua skrubu ya chini ya kabureta umwage yaliyosalia. Jenereta na pampu za akiba zifanyiwe vivyo hivyo.

Mara moja badilisha mipira yote ya zamani, pamoja na ile pampu ya mpira ya kukamua kwa mkono, uweke inayoandikwa kuwa inafaa ethanoli. Funga filta ya kutenganisha maji yenye kikombe kinachoonekana, kati ya tangi na mashine. Badilisha filta baada ya tangi la kwanza na la pili la mafuta mapya. Mashine ya kabureta ikianza kupata joto au kukosa nguvu, fundi anaweza kuongeza kidogo ukubwa wa jeti. Usikubali achimbe jeti kwa waya.

Ikizima baharini

Tia nanga kwanza. Mkondo wa Mkanda na mawimbi ya nje ya Manda havingoji utambuzi.

Kagua tundu la hewa la tangi. Likifungwa, mashine hukosa mafuta na dalili hufanana na za maji. Tazama kikombe cha filta. Ukiona maji au ukungu, usiendelee kuvuta kamba. Kila mvuto unaingiza uchafu zaidi. Hamisha mpira kwenye dumu la akiba, mwaga kabureta, kamua mpaka petroli safi ije, futa plagi, ndipo ujaribu tena.

Ili hilo liwezekane, kila boti ibebe dumu dogo la lita 5 la petroli mpya lililofungwa, plagi za akiba, spana yake, na makasia au upondo. Na mwenye nafasi ya kubeba tanga asilione aibu. Wazee wa Amu walifika kila pembe ya bahari hii kwa kitu kisichonywa petroli.

Mafuta yaliyogawanyika yafanyweje

Usiyatikise ukadhani yatarudiana. Usiyaongezee petroli mpya. Utaharibu dumu la pili. Usiitoe petroli ya juu ukaitumia, kwa kuwa okteni yake imeshuka. Na usiyamwage baharini wala kwenye mikoko, ambako samaki na kaa huzaliana. Yapeleke kwa fundi ayatumie kuoshea vyuma mahali penye hewa.

La kudai mapema

Kuchanganya ethanoli ni uamuzi wa kitaifa, na una hoja zake nzuri. Lakini hesabu hizo hufanywa kwa kufikiria magari ya mijini. Nahodha, mvuvi na mkulima wa pampu wasipotajwa, watakuja kulipia kwa pistoni.

Mambo mawili yanatosha kuombwa kwa wabunge wetu, serikali ya kaunti na vikundi vya wavuvi vya BMU, endapo mchanganyiko huu utarudi. La kwanza, kila pampu na kila pipa liandikwe waziwazi asilimia ya ethanoli, kwa Kiswahili. La pili, ibaki petroli yenye ethanoli kidogo au isiyo nayo kwa ajili ya boti na injini za zamani. Uingereza ilipoleta E10 iliacha E5 katika petroli ya daraja la juu kwa sababu hiyo hiyo, na wao wana barabara kila upande.

Mpaka hapo, chupa nyembamba, bomba la sindano na dakika 10 vinakutosha kujua unachosafiria. Fanya jaribio kila unapobadilisha muuzaji, kabla hujaitia petroli kwenye tangi na kabla abiria hawajapanda.